Neno la Kwanza la Wafula

Wiki jana, kliniki, nilimwona mtaalamu wa matamshi akimuuliza mtoto swali, kisha akangoja. Alingoja sana, bila kumsaidia. Nikainamisha macho.

Ndugu yangu Wafula alichelewa kuongea. Tulipokuwa wadogo, nyumbani kwetu katika mtaa wa Section 58, mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake. Nilidhani asiyeweza kusema haelewi pia.

Alasiri moja nilimwaga maziwa kwenye jiko la makaa. Harufu ya kuungua ilijaa nyumba nzima.

"Nani amemwaga?" Mama aliuliza, akiingia kutoka uani.

Wafula alifungua mdomo kujibu.

"Anasema ni yeye," nikadakia.

Mama alimchapa kofi la mkononi. Wafula akalia, akaninyooshea kidole, akaisukuma sauti kutoka tumboni: "Nekesa!"

Mama akasahau maziwa. Akambeba juu juu. "Mama Brayo, kuja usikie! Ameongea! Ameita dadake!"

Jirani yetu alikuja mbio, mikono ina povu la sabuni. Wafula alizidi kulia, akilirudia jina langu, kidole hakijashuka.

"Nekesa, wewe ni mwalimu kabisa!" Mama Brayo akanisifu.

Nikasema asante.