Ng'ombe Aliyekwama Ndani ya Programu

Wangare huwapa wanafunzi wake kanuni moja kabla hawajagusa kompyuta: ukiliona kosa kwenye programu, sema, hata kama programu ni ya adui yako. Hawaambii aliivunja lini.

Alipokuwa chuoni Nakuru aliandika programu ya kutuma ujumbe kwa simu za wafugaji wa chama cha maziwa cha kwao Subukia. Kila ujumbe aliuweka kati ya ritifaa mbili, alama kama hii ('), moja ya kufungua, nyingine ya kufunga. Ujumbe wa majaribio wa Kiingereza ulikwenda vizuri. Alipoandika "ng'ombe", kompyuta iliiona ritifaa iliyo ndani ya neno, ikadhani ujumbe umeishia hapo, ikagoma. Dawa yake ni ndogo. Unatanguliza mkwaju ulioinamia nyuma (\), nayo kompyuta inajua kwamba ritifaa inayofuata ni sehemu ya neno tu. Wangare akaisahihisha nakala yake.

Lakini Kamande, mwanafunzi mwenzake, alikuwa ameshaiba nakala ya kwanza. Aliipeleka chamani kwa jina lake, akapewa kazi aliyoahidiwa Wangare. Siku ya mahafali alimcheka hadharani: "Pole, madam. Wengine huandika, wengine huajiriwa."

Wangare alijua kilichomo ndani ya ile nakala, akangoja.

Mvua zilipoanza, Kamande akapiga simu.

"Wangare, niaje? Hii kitu imenikwamia. Ujumbe wa Kiingereza unaenda, wa Kiswahili unakataa."

"Kitu gani, boss?"

"Wacha mchezo. Ile programu."

"Ile uliandika wewe?"

"Nisaidie tu. Lazima huo ujumbe uende leo."

"Basi soma kazi yako vizuri," Wangare akasema, akakata simu. Alicheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Mtu ataandikiaje wafugaji wa maziwa bila kutaja ng'ombe? Hakuuliza ujumbe wenyewe ulisema nini.

Ulikuwa wa chanjo. Kimeta kilikuwa kimeua ng'ombe ng'ambo ya mto, na daktari wa mifugo alikuwa anakuja kwa siku moja. Kamande, kwa kuogopa aibu, alimwambia mwenyekiti kwamba ujumbe umekwenda. Daktari aliwachanja ng'ombe wa waliokaa karibu na chama, akaondoka na chupa nyingi zikiwa bado zimejaa.

Mkutano uliitishwa. Wafugaji waliinua simu zao: hakuna aliyepata neno. Wangare alikuwa amefika mapema, amevaa nguo za kanisani, akaketi mbele ili Kamande amwone. Mwenyekiti alipomfukuza Kamande, Wangare alisimama, akaomba kompyuta, akaweka mkwaju mmoja. Simu zote ukumbini zikalia pamoja.

"Ulikuwa unajua," Kamande alimwambia mlangoni.

"Wengine huandika," Wangare akajibu.

Waithera, mama yake Wangare, alipata ujumbe huo pia, lakini daktari alikuwa ameshaondoka na ng'ombe wake hakuiwahi chanjo. Asubuhi moja alimkuta amelala zizini, damu ikimtoka puani.

"Huyo Kamande ameniua," mama alilia. "Mungu amlipe."

"Amlipe, mama," Wangare alisema.

Kazi ya chama alipewa yeye, akaiacha kabla ya mwaka kuisha, akaenda kufundisha. Mama yake angali anamlaani Kamande.

Kamande alipoteza kazi. Waithera alipoteza ng'ombe ambaye maziwa yake yalimsomesha Wangare.