Mahali pa Kumuombea Baba

Baba yangu alipanda treni asubuhi na mfuko wake wa vifaa, akaenda upande wa Kongolo kutengeneza injini iliyokufa njiani. Injini ilirudi kwetu Kindu. Yeye hakurudi. Ninasema hivi kwa ufupi kwa sababu hata sisi ndivyo tulivyoambiwa, kwa ufupi. Mama alikwenda ofisi ya reli, akamkuta bwana mmoja aliyevaa lile koti la serikali lisilo na tai, picha ya mkubwa wa nchi imetundikwa nyuma yake. Bwana yule akamwambia, kwa neno la Kifaransa la wakati ule la kumwita mwanamke raia: "Sitwayeni, bwana yako alitumwa mbele zaidi. Ngoja." Mbele wapi? Ngoja. Basi mama akangoja, na sisi watoto tukangoja naye.

Tulikaa kambi ya reli, karibu na mto. Baba alikuwa mtu wa Kasai, mama mzaliwa wa Kibombo. Ukoo wa baba ulikuwa mbali mno, hakuna hata shangazi mmoja wa kuja kutuambia fanyeni hivi, acheni vile. Treni ikipiga honi, mama aliacha mchi ndani ya kinu, mpunga haujatwangika hata nusu, akajipangusa mikono kwenye kitenge na kusimama mlangoni. Alitazama njia mpaka abiria wa mwisho apite na kuku wake. Halafu anarudi kutwanga, na ole wako umwambie kitu saa ile.

Mimi nilimkumbuka baba kwa namna yangu ya kijinga. Nilitamani girisi. Alikuwa akirudi kazini ananuka girisi na sabuni pamoja, na mama anapiga kelele asiguse ukuta. Mpaka leo nikipita karibu na gereji ninapunguza mwendo, na watu wanafikiri nimechoka.

Kila Jumatano jioni tulisali na shirika letu, yaani familia chache za mtaa zinazokutana kwenye nyumba ya mmoja wao. Maombi yalikuwa na utaratibu wake: kwanza wasafiri, halafu wagonjwa, mwisho marehemu, na kila mmoja anataja mtu wake kwa sauti. Humo ndani tulitumia majina ya ubatizo. Serikali ilikuwa imeyakataza, na kwenye kitambulisho kila mtu aliandikwa jina la mababu. Zuri pia, sina neno. Lakini katekista wetu, mzee mpole mwenye kikohozi, alisema Mungu hasomi vitambulisho. Basi zamu ya wasafiri ikifika, mama alitaja jina la ubatizo la baba kwa sauti ya kumwita mtu aliye chumba cha pili.

Miaka ikapita. Wanawake wa kambi wakaanza: "Dada, tufanye matanga. Ulie, umalize." Matanga kwetu ni mikeka chini, mke kunyolewa nywele, wanawake kulala kwako na kulia pamoja nawe mpaka msiba uondoke. Lakini hayafanywi bila maiti au habari ya hakika. Kumlilia mtu aliye hai ni kumtakia kifo, ndivyo wote walivyoamini pale, Wakristo kwa Waislamu. Mama aliwajibu: "Wapi! Munataka kuniulia bwana?"

Kisha habari ikaja. Mchuuzi wa samaki wakavu alishuka kwenye treni akasema ameona fundi wa reli akizikwa Kabalo: mrefu, mtu wa Kasai, amewekewa msalaba. Hakuna aliyeuliza zaidi. Tulikuwa tumechoka sana kutojua, na mtu aliyechoka hivyo haulizi. Mikeka ikatandikwa, mama akanyolewa. Jirani yetu Mwislamu, mjane, alileta sufuria ya wali na sombe, yale majani ya muhogo, akaketi chini nasi mpaka mwisho. Mama alilia kilio ambacho sijakisikia tena. Alimgombeza baba kwa kufa mbali, akamwita kwa jina lile la ubatizo mbele ya watu wote, hata mbele ya mjumbe wa chama, ambaye Mungu ambariki alijifanya anakagua paa.

Na baada ya matanga, mama alilala. Alilala usingizi wa mtu aliyetoka shambani. Treni ilipiga honi naye akaendelea kutwanga. Akaanza tena kuimba nyimbo za kanisa, vibaya kama zamani. Kwenye shirika alimtaja baba mwisho, pamoja na marehemu, bila sauti kutetemeka. Mimi nilikasirika. Nilikuwa msichana mkubwa mwenye mdomo, nikamuuliza: "Mama, umemusahau sasa?"

"Sijamusahau," akasema. "Nimemuweka chini kidogo, nipumuzike."

Mvua zilipoanza, mashinisti mmoja, dereva wa treni aliyefanya kazi na baba, akapita Kindu. Alikuja kutusalimia, akaona kichwa cha mama, akauliza nani amekufa. Tulipomwambia, akashika kiuno. "Aka! Haiko yeye! Ule wa Kabalo alikuwa fundi wa Kamina. Mimi njo nilimufunga sanda, kwa mikono yangu hii!" Na baba je? Mara ya mwisho alimwona akipandishwa treni nyingine pamoja na mafundi wenzake, askari wako nao, wanaelekea kusini. Alikuwa mzima kabisa, anataniana na watu. Zaidi ya hapo hakujua.

Kambi nzima ilipiga vigelegele. Watu walimkumbatia mama, wengine wakacheza. Mama akakaa chini pale pale kwenye matope, akalia, na haikuwa furaha. "Mumenirudishia kungoja," alisema. "Nilikuwa nimepumuzika. Mumenirudishia tena."

Haya, wewe sema maneno hayo mbele ya wanawake wa kambi! Walisema hampendi mumewe. Mmoja akaeneza kwamba kuna bwana mwingine ng'ambo ya mto, huko Alunguli. Upuuzi mtupu! Na wazee nao wakakutana kujadili matanga yanafutwaje. Mmoja alitaka tupike upya, tule tena, ili kuyarudisha yalikotoka. Mwingine akauliza nywele zitarudishwa na nani. Ningecheka sana kama zisingekuwa nywele za mama yangu.

Jumatano ile katekista alisema, "Tuwaombee wasafiri," na macho yote yakamgeukia mama. Kimya. Wakaombewa wagonjwa, wakafuata marehemu. Kimya. Wiki iliyofuata vile vile, na nyingine tena. Nyumbani hakuomba hata juu ya chakula. Nikaanza kuogopa. Baba tulimpoteza bila kujua alipo, lakini mama alikuwa anapotea tukimtazama, ameketi nasi kwenye mkeka mmoja. Nilimwomba Mungu kwa hasira, ninakiri. Nilimwambia, kama huwezi kumleta yule, basi usinichukulie na huyu.

Katekista hakumsukuma. Hakumpa mahubiri juu ya Ayubu, ingawa wengine walimpa, na kwa urefu. Aliendelea tu na utaratibu wake na kikohozi chake, akiacha kila mara nafasi ili mama aseme akitaka. Halafu Jumatano moja wasafiri walipita, akasema, "Tuwaombee wagonjwa." Mama akafungua mdomo akataja jina la ubatizo, na halikuwa la baba. Lilikuwa lake mwenyewe.

"Muniombee mimi," akasema. "Bwana yangu, Mungu iko naye, akiwa juu ya udongo ao chini yake. Mimi njo mugonjwa. Mimi njo nimechoka."

Yule mwenye hadithi za Alunguli ndiye aliyekuwa wa kwanza kumshika mabega. Walimwombea mpaka taa ikahitaji mafuta.

Sitasema alipona siku ile. Kuna siku alicheka, na kuna siku alilia jikoni bila kujificha wala kusingizia moshi. Lakini akarudi kuomba. Baba hakumweka tena na wasafiri wala na marehemu. Alimtaja mwanzoni kabisa, peke yake, kabla katekista hajaanza, na hakuna aliyethubutu kumuuliza ni kwa fungu gani. Uso wake ulikuwa na utulivu, na utulivu huo haukuja na habari yoyote, maana habari haikuja kamwe.

Alipougua ugonjwa wa mwisho nilikuwa mama wa watoto wangu. Alasiri moja nilikaa kando ya kitanda nikimpepea, nikajikuta ninamuuliza kitu ambacho sikupanga kukiuliza: "Mama, unafikiri utamukuta kule?"

"Nikimukuta, nitafurahi," akasema. "Nisipomukuta, basi anaishi bado. Nitafurahi pia. Sasa unalia nini?"

Nililia kwa sababu mimi sikuwa nimefika alikofika yeye. Mimi niliwataka wote wawili, hapa Kindu, wakigombana kwa ajili ya girisi ukutani.