Mbwa Ambaye Hakuvuka

Mama alipofariki Goma, dada yangu mkubwa alikuwa Ubelgiji, na karatasi zake za ukimbizi zilikuwa bado hazimruhusu kutoka. Alitazama mazishi kwenye simu niliyoishika nikiwa nimeinama, na baadaye akalalamika kwamba aliona zaidi udongo na viatu vya watu. Hakuomba kitenge wala picha. Aliomba mtoto mmoja wa mbwa wa mama, yule jike mwekundu aliyekuwa amezaa nyuma ya jiko siku tatu kabla ya msiba.

"Ndege nitalipa," alisema. "We umufikishe tu Kigali."

Niliacha shule darasa la tano, na tangu hapo sijakaa mahali mwaka mzima. Lakini kuuliza sijaacha. Nilijifunza kwamba mbwa husafiri tumboni mwa ndege, kwamba sanduku lake lazima limwache asimame na kugeuka, kwamba si vizuri kumpa dawa ya usingizi. Nikampima kwa kamba, nikaipeleka kamba kwa seremala hapa Gisenyi, mji wa Rwanda unaopakana na Goma. Akaniuliza kama ninaandaa jeneza la mtoto.

Kumvusha hakukunipa mawazo hata kidogo. Jirani wa mama alikuwa akiwalisha mbwa, na yule wetu alipofikisha miezi mitatu nilimchanjisha huko huko Goma, nikapewa kadi yenye muhuri, nikapita naye Petite Barrière, kivuko cha wanaotembea kwa miguu, ndani ya koti. Pale hupita unga, mayai na kuku kila siku. Kwetu tuliokulia hapa mji ni mmoja, na mpaka ni foleni tu. Nilionyesha kibali changu cha kuvuka. Yeye alikuwa amelala kifuani.

Jumatatu nikampeleka ofisi ya mifugo kutafuta cheti cha safari. Nilimkuta mama mmoja aliyekulia Tanzania, Kiswahili chake safi hadi nikaona haya kufungua mdomo. Nikampa ile kadi kwa fahari.

"Kaka, chanjo hii ni ya Goma. Mbwa aliingia Rwanda lini?"

Nikasema Jumamosi. Akauliza karatasi ya kuingilia iko wapi. Nilicheka, yeye hakucheka. Akanieleza bila ukali kwamba mbwa ambaye hajaingia hawezi kutolewa. Arudi alikotoka, aingie upya kwa karatasi. Ningeficha ile kadi, wangemchanja kama mbwa wa hapa na mambo yangeisha. Lakini alikuwa ameshaandika Goma kwenye daftari lake, na mimi ndiye niliyempa kadi.

Nikarudi mpakani mchana, mbwa mikononi. Askari wa upande wetu akataka kibali cha kumtoa Rwanda, kile kile nilichonyimwa. Wabeba mizigo wakapata burudani.

"Mbwa yako inakosa paspoti?" mmoja akaniambia. "Na we, ya kwako iko wapi?"

Sina. Nilifikiria koti tena, lakini leo hakulala, na kichwa chake kilitokeza kwenye kola. Na hata ng'ambo, niliambiwa, tangu mji ubadilishe watawala hakuna aliyejua tena ni nani wa kutoa muhuri ambao Kigali wangeukubali.

Wiki zikapita. Mbwa hakuweza tena kusimama ndani ya sanduku lake. Nikaweka nguo zangu humo. Kila Jumapili baada ya ibada dada alipiga simu kuuliza anakuja lini, nami nikamjibu kwamba karatasi zinaendelea. Jumapili moja nilichoka kudanganya nikamwambia yote.

Kisha akaomba niweke simu sakafuni, karibu na mbwa.

Mama aliita mbwa wake kwa kugonga kifuniko juu ya sufuria, mara mbili, nao walitoka mbio hata kutoka mwisho wa mtaa. Nilimsikia dada akifungua kabati huko Ubelgiji. Akagonga mara mbili.

Mbwa alikuwa anatafuna kamba ya kiatu changu. Hakuinua hata sikio. Tangu azaliwe hakuna aliyemgongea kifuniko; mimi ninakula nje, sina sufuria.

Akagonga tena, kwa nguvu zaidi, kama mtu aliye mlangoni mwa nyumba anayojua ina watu.

"Anasikia?" aliuliza.

Nikaokota simu. Nikamwambia spika imeharibika.