Maua ya Margaret

Mnicheke mtakavyo, lakini kwanza mjue kwamba mume wangu hajawahi kuniletea hata ua moja. Jumapili ya Matawi nikamsikia akisema kwenye simu, "Margaret atapata maua yake leo, msijali." Nilipomuuliza anaenda wapi, akajibu, "Mama Divine, iko kazi kidogo," akapanda taxi. Nikachukua mkasi wangu wa saluni, nikapanda iliyofuata, macho kwa ile ya mbele.

Akashukia kwenye makaburi ya zamani. Yaani hapa ndipo wanapokutana! Nikamkuta amepiga magoti, maua mkononi.

"Yuko wapi huyo Margaret?" nikapiga kelele. "Atoke nimnyoe!"

Mume wangu akanionyesha kaburi, kisha simu aliyoiegemeza kwenye jiwe. Humo, kwenye video, wazee wa Kizungu walijaa kanisani, wananitazama.

"Ni parokia ya kijijini huko Wales," akaninong'oneza. "Kwao, Jumapili ya Matawi wanapamba makaburi. Margaret ni mtoto wa parokia yao, alizikwa hapa Durban zamani, nao wameniomba nimwekee maua."

Padri wao akauliza kwa upole mkasi ni wa nini.

"Ni mke wangu," mume wangu akajibu. "Amekuja kukata nyasi."

Parokia nzima ikanipigia makofi. Nikapiga magoti, nikamkatia Margaret nyasi, na maua yote yakabaki yake.