Wembe na Taya za Paka

Dada yangu mkubwa tulimwita Wembe, kwa sababu ya ulimi wake. Hata marehemu mume wake, kabla ya kubishana naye, alikunywa maji kwanza. Alipofiwa, shemeji yake, daktari wa wanyama, alimpa chumba nyuma ya kliniki na kazi ya kumsaidia. Na aliyekupa pa kulala humpandishii sauti.

Paka wa kung'olewa jino akishalala kwa sindano, kazi ya Wembe ni kumtia mdomoni chuma chenye springi kinachoshikilia taya wazi. "Mpaka mwisho, shemeji, nione magego," daktari husema, naye hupanua.

Mwezi uliopita daktari mgeni alimwonya Wembe: paka akipanuliwa taya hivyo, mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo unabanwa, na anaweza kuamka kipofu. Wembe alimfikishia shemeji yake. Akacheka. "Nimewang'oa meno paka wangapi humu? Yupi amepofuka?" Yakaishia hapo.

Jumanne, paka wa mama mmoja, fundi cherehani mstaafu, aliamka, akatembea moja kwa moja hadi ukutani, akagonga pua. Akageuka, akagonga mguu wa meza. Macho yalikuwa wazi, meusi tititi, hayamfuati mtu. Daktari alimwambia mwenye paka kwamba ni dawa ya usingizi, na uzee. Huenda akaona tena, huenda asione. Akaingia ndani kunawa mikono.

Yule mama akamgeukia dada yangu. "Mwanangu, wewe ulikuwepo. Niambie ukweli. Ni dawa kweli?"

Wembe, aliyewahi kumkatiza mwenyekiti wa mtaa katikati ya hotuba, alitazama mlango. Akasikia bomba likifungwa.

"Ndiyo, mama. Ni dawa."

Alinisimulia huku akilia kwa hasira. Mimi, badala ya kumpa pole, nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Niseme, kisha nikalale wapi? Kwako? Mko saba kwenye vyumba viwili!"

Niliona aibu.

Kisha akanimalizia. Yule mama alimfunga paka kwenye shuka, akamshika Wembe mkono. "Ahsante kwa kutonificha. Huyu ana ndugu yake nyumbani, naye jino limeoza. Nitamleta Jumatatu. Ila ashikwe na wewe, mwanangu, si mtu mwingine."