Mbuzi Aliyehudhuria Harusi Zote

Namjua mbuzi mmoja aliyehudhuria harusi nyingi kuliko padri wa parokia yetu.

Zote alihudhuria akiwa ameshachomwa.

Wewe cheka. Mimi sikucheka, kwa sababu harusi iliyofuata kwenye ratiba yake ilikuwa ya binti yangu.

Ngoja nianze mwanzo. Msinikatishe, maana mkinikatisha napoteza njia, na nikipoteza njia naanza kusema kweli tupu.

Jina langu Primus. Mstaafu wa reli, mzaliwa wa Masama, makazi Moshi mjini. Mwaka 2005 reli ilishanichoka, na mke wangu Yuditha alishachoka kuniona nimekaa barazani naukagua mlima kama vile utaondoka. Akaniambia, "Baba Zita, tafuta pa kwenda."

Nikaenda kwa Paresh.

Paresh alikuwa na studio ya picha karibu na soko, kairithi kwa baba yake. Ndani kulikuwa na lile pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Nusu ya mji huu imepigwa picha pale ikijifanya iko safarini. Mwaka ule akasogeza pazia kando, akaweka kompyuta, akaandika mlangoni "Intaneti".

Kompyuta nilijifunza mwenyewe. Paresh alijaribu kunifundisha siku moja, presha ikampanda.

Ndipo tukaanzisha jukwaa letu la picha mtandaoni, tukaliita Macho Mlimani. Wanachama walikuwa watu wa mjini, watu wa migombani, na watoto wetu waliotawanyika Dar na Toronto. Kazi yangu mimi ilikuwa kutoa mada. Kila mwezi mada moja, kila mtu picha moja, halafu wanachama wanapiga kura. Asiye na kamera ya kisasa alileta mkanda wake, Paresh akausafisha na kumwingizia picha kwenye kompyuta.

Zawadi? Picha ya mshindi inakuzwa, inatiwa fremu, inakaa kwenye dirisha la studio mwezi mzima.

Usidharau. Kwa sababu ya dirisha lile kuna watu mpaka leo hawasalimiani.

Januari mada ilikuwa "Kiatu". Jamaa mmoja akatuma picha ya mguu mtupu, akaandika chini yake, "Kimeibiwa." Akashinda.

Februari nikasema "Mlima". Mlima ukasikia, ukajifunika mwezi mzima. Tukapokea mawingu matupu. Mmoja alituma ukuta wa choo chake, akasema ni ukungu wa asubuhi, akapata kura nyingi sana.

Machi nikatoa "Kitu Kinachong'aa". Watu watatu, bila kuambiana, wakatuma kipara changu.

Mei nikatoa mada "Harusi".

Wenyewe walidhani nimeguswa na sanaa. Wapi. Zita wangu alikuwa anaolewa Jumamosi ya mwisho ya mwezi uleule, na mimi nilitaka kujua wenzangu wanaweka nini ukumbini ili nisizidiwe. Badala ya kuzurura kwenye harusi za watu bila kadi, nikalituma jukwaa zima likanipelelezee.

Na nilikuwa na sababu ya kuogopa kuzidiwa. Sababu hiyo iliitwa Mzee Sirili.

Sirili ndiye baba wa bwana harusi. Fundi seremala wa Kirua Vunjo, mwembamba, macho kama ya mtu anayepima ubao. Siku walipokuja kuposa, alipokea kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, akainusa kwanza. Halafu akaigonga meza yangu kwa kidole, akainamisha sikio.

"Hii ya fundi gani, mkwe?"

"Ya mjini."

"Inaonekana," akasema.

Tangu siku ile nikilala namwona Sirili anagonga vitu.

Sasa, kwa wasiotoka huku, niwaambie habari ya ndafu. Kwetu harusi bila ndafu ni mkutano tu. Ni mbuzi mzima, amechomwa, amesimama mezani kwa miguu yake yote, majani mdomoni, anaingizwa na matarumbeta kama mgeni rasmi. Maharusi wanakata mnofu pajani, wanawalisha wazazi, halafu anarudishwa jikoni akakatwekatwe, watu wale.

Ndafu wa Zita nilimwagiza kwa Aristides wa Himo. Ndugu yake Yuditha, shemeji yangu, na ndiye mchoma ndafu anayesifika kuliko wote. Ndafu wa wenzake hulegea magoti katikati ya hotuba. Wa Aristides anasimama mpaka viti vinakusanywa.

Picha zikaanza kuingia.

Ya kwanza ilitoka kwa Sadallah, fundi cherehani: harusi ya Majengo. Ya pili kwa Amandeep wa gereji: harusi ya Kibosho. Ya tatu kwa Alnaz wa duka la vitambaa, yeye alialikwa Himo. Nzuri zote. Maharusi, keki, matarumbeta, ndafu.

Paresh akaziweka zikafuatana kwenye kioo. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mzee Primus, shikamoo."

"Marahaba. Si umeshaniamkia asubuhi?"

"Narudia, maana utaihitaji. Hebu angalia pembe ya huyu mbuzi."

Nikaangalia. Pembe ya kushoto imevunjika ncha.

"Na huyu wa Kibosho."

Imevunjika ncha.

"Na wa Alnaz."

Aisee.

Paresh akaikuza ile sura mpaka ikajaa kioo kizima. Sikio la kulia limekatika kidogo. Mdomo umepinda kwa upande, kama mtu anayetabasamu baada ya kusikia umbea mtamu. Tabasamu lilelile Majengo, lilelile Kibosho, lilelile Himo. Jumamosi tatu mfululizo.

"Huyu mbuzi," Paresh akasema taratibu, "hajawahi kuliwa."

Na harusi zote tatu ndafu alitoka kwa Aristides. Mbuzi aliyechomwa mwanzoni mwa mwezi bado anazunguka mkoa mzima na majani mdomoni. Na Jumamosi inayokuja zamu yake ni kwa Zita, mbele ya Sirili anayenusa kila kitu.

Nyumbani nikamwambia Yuditha. Hakuacha hata kukuna nazi.

"Ukimwaibisha kaka yangu kwenye hilo jukwaa lako, Baba Zita, utahamia kwa Paresh. Ukalale kwenye maporomoko."

Nikapanda gari mpaka Himo. Nikamkuta Aristides uani, ana aproni, anapuliza moto.

"Shemeji," nikamwambia, "mbuzi wako wanafanana."

"Mbuzi wa Himo wote wanafanana. Ni maji."

"Mpaka pembe kuvunjika?"

"Wanapigana."

"Upande uleule?"

"Wana desturi zao."

"Na hilo tabasamu?"

"Nawalisha vizuri, shemeji. Ulitaka afe amenuna?"

Akanishika mkono, akanipeleka zizini. Mle ndani alisimama beberu mmoja mnene, pembe zote mbili nzima, ananiangalia kama ananidai maelezo.

"Huyo ndiye wa Zita," Aristides akasema. "Mkague, halafu uende ukatoe mada."

Nikamkagua. Nikarudi mjini roho kwatu.

Jukwaani Alnaz alishaandika: "Mzee Primus, mbuzi wa Amandeep si ndugu yake huyu wangu?" Nikamjibu kwa vidole viwili na hasira: "Mada ni harusi. Ukoo wa mbuzi haupigiwi kura."

Jumamosi ikafika. Zita alipendeza, asikwambie mtu. Ukumbi umejaa, Sirili kakaa meza ya mbele katika suti ya kahawia, anagusagusa kitambaa cha meza. Sadallah naye alikuwepo na kamera yake shingoni, nilimwalika.

Matarumbeta yakalia. Mlango ukafunguliwa. Ndafu akaingia.

Pembe ya kushoto imevunjika ncha.

Sikio la kulia limekatika.

Anatabasamu.

Nikamtafuta Aristides kwa macho. Alikuwa nyuma ya sinia, anacheza, haniangalii.

Zita na mumewe wakashika kisu, wakakata mnofu pajani. Wakaanza na Sirili. Nikafumba macho, nikasubiri aivunje ndoa. Nikafumbua jicho moja: anatafuna, anatikisa kichwa, kama mtu anayekubali. Ikafika zamu yangu. Nikaumeza ule mnofu mzima kama kidonge.

Cha ajabu, ulikuwa laini. Na wa moto.

Kabla sijapata jibu, mshereheshaji akashika kipaza sauti. "Ndugu wageni, leo tunabadilisha utaratibu. Baba Paroko wetu anapenda kidari. Basi badala ya kumsubirisha, atakikata mwenyewe, hapahapa."

Padri akasimama, anakunja mikono ya kanzu.

Hapo kimenuka, nikajisemea. Kidari cha mwezi mzima, kinafunguliwa mbele ya watu wote.

Nikainuka na kuanza kucheza. Sijui kucheza, lakini nilicheza kuelekea kwa mbuzi, nikiwa nimetanua mikono ili nimzibe. Nikitupa jicho, namwona Sirili naye kainuka, anacheza anakuja upande wa pili.

Anakuja kunusa, nikawaza.

Nikienda kulia, naye yuko kulia. Nikirudi kushoto, yupo. Watu wakadhani ni ngoma ya wakwe. Vigelegele. Matarumbeta yakaongeza kasi. Akina mama wakaanza kutupepea kwa khanga.

Tukafika kwa mbuzi pamoja. Mimi nikashika shingo, yeye akashika mgongo.

"Achia, mkwe," nikamwambia, natabasamu kwa ajili ya wageni.

"Achia wewe, Baba Zita."

"Huyu mbuzi ni mgonjwa."

"Huyu mbuzi ni mzima kuliko wewe. Achia."

Tukavutana. Meza ikayumba, sinia likateleza, mbuzi akatutoka mikononi. Akaenda chini kwa ubavu.

Ko.

Mlio ulikuwa kama wa mtu anayebisha hodi. Mlio uleule wa meza yangu, siku ya posa.

Tukapiga magoti wote wawili. Sirili akanisogelea, jasho linamtiririka, akanong'ona sikioni.

"Mwinue polepole, nakuomba. Mguu wa nyuma nimeugundisha juzi tu."

Nikaugusa ule mguu.

"Umeugundisha?"

"Gundi haijashika vizuri. Ni mparachichi, mti wenyewe laini."

"Wewe ndiye..."

"Mimi ndiye niliyemchonga. Inua. Padri anakuja na kisu."

Tukamwinua juu juu, yeye mbele mimi nyuma, tukacheza naye mpaka jikoni kama tunambatiza. Ukumbi mzima umesimama. Padri akaahidiwa kidari kingine, akarudi kukaa.

Jikoni nikamkuta yule beberu wa zizini, ameshachomwa, ameshakatwa, yupo kwenye sufuria anatoa moshi. Aristides akanipa kipande kabla sijafungua mdomo.

"Shemeji, ndafu akisimama mezani saa nzima anakauka anakuwa kandambili," akasema. "Na wageni wa viti vya nyuma wanaishia mifupa. Kwa hiyo wa kweli anabaki jikoni, watu wote wanakula laini. Yule wa ukumbini kazi yake ni kusimama. Pajani tumemwachia nafasi, tunaweka mnofu wa moto kabla hajaingia. Tunampaka mafuta, anapita kwenye moshi, basi."

"Na tabasamu?"

Sirili akatazama chini. "Patasi iliteleza."

Halafu mzee wa watu akakaa juu ya kreti ya soda, akajifuta uso.

"Mkwe, mwezi mzima sijalala. Niliambiwa una jukwaa la watu wanaokagua mbuzi kwa kompyuta. Nikajua ukigundua kazi yangu, utasema umemwoza mtoto kwa tapeli."

"Lakini wewe ulinusa mbege yangu."

"Nilikuwa na mafua."

"Ukagonga meza yangu."

"Mimi nagonga kila kitu, Baba Zita. Hata mke wangu analalamika."

Tukacheka mpaka gundi yenyewe, nadhani, ikaachia, kwa sababu mguu wa nyuma ulidondoka palepale.

Tulipotoka, Zita akanishika mkono. "Baba, mmenifurahisha sana. Mlifanya mazoezi lini?"

Nikamwambia, "Siku nyingi, mwanangu. Kwa siri."

Sadallah alikuwa ameshapiga. Akaomba kuondoa picha yake ya Majengo, akaweka hiyo: vizee viwili vimemwinua mbuzi juu, jasho usoni, meno nje, na mbuzi ndiye pekee anayeonekana kuelewa kinachoendelea. Akaiita "Wakwe". Alizoa kura zote, na ya kwangu ikiwemo. Ikakaa dirishani Juni nzima.

Hapo ningemalizia, lakini kuna kitu kimoja.

Usiku ule wa harusi tulirudi nyumbani, nikamsimulia Yuditha kila kitu. Hakushtuka hata kidogo. Akanyoosha kidole ukutani, pale ilipo picha yetu ya yubile ya ndoa, ya miaka miwili kabla. Picha ninayopita mbele yake kila siku nikienda kuwatolea watu mada.

Mimi nimevaa suti. Yeye amevaa kitenge. Namlisha nyama.

Nyuma yetu, katikati, ncha ya pembe imevunjika. Anatabasamu.

"Na siku ile ulitoa hotuba," Yuditha akasema, "kwamba hujawahi kuona ndafu aliyechomwa vizuri kama yule."

Basi funzo langu ni dogo. Kabla hujamwogopa mkwe wako, angalia kama naye hakuogopi wewe kwa jambo hilohilo. Na kabla hujawafundisha watu kuangalia, anza na ukuta wa sebuleni kwako.

Aristides amestaafu. Mbuzi alinirithisha mimi, sasa watoto wa Zita wanampanda kama farasi.

Anayebisha aje Moshi amwone. Aulizie kwa Mzee Primus wa picha. Akimpanda tu, aangalie ule mguu wa nyuma.

Bado unalegalega.