Kibuyu cha Njahi

Mimi ni mtu wa Kiriaini. Kule kwetu mvua haina maringo: ikinyesha leo, kesho ipo, na mtu akisikia tone la kwanza anapanda mbegu zote alizo nazo. Nilipoolewa huku Kieni, karibu na Chaka, nilikuja na haraka yangu yote.

Mwaka huo wa kwanza nilikuwa na mimba changa. Mama mkwe akanikabidhi debe la mbegu za njahi, maharagwe yale meusi yenye ukingo mweupe, ambayo kwetu mama aliyejifungua hupondewa pamoja na ndizi mbivu ili maziwa yashuke. Zingeiva wakati nakaribia kujifungua.

"Ngoja mvua irudi mara ya pili," aliniambia. "Ya kwanza huku inaosha vumbi tu."

Ya kwanza ikanyesha siku mbili, yeye akiwa kwenye mkutano wa akina mama kanisani. Loo, harufu ya udongo ule! Nikashika jembe. Aliporudi, debe lilikuwa tupu, nami nimesimama mlangoni nikitabasamu.

"Ati zote?"

"Zote, mama."

Akafungua kitambaa cha kichwa, akaenda kukamua ng'ombe.

Njahi ziliota majani mawili mawili, kisha jua likawaka wiki tatu. Nilizinywesha maji ya kuoshea vyombo, sufuria kwa sufuria, hadi kiuno kikagoma. Zikakauka zote. Siku mvua ya kweli ilipokuja, niliketi kwenye kizingiti nikalia kwa hasira. Mtoto angezaliwa bila hata kikombe cha njahi nyumbani, na yote kwa sababu ya ujuaji wangu.

Mama mkwe akaingia jikoni, akapanda juu ya kigoda, akashusha kibuyu kutoka darini. Akakimimina kwenye ungo. Njahi, zimepakwa majivu zisiliwe na wadudu.

Sikushukuru. Nilifoka! "Wiki tatu unaniona nikibeba maji, kumbe uko nazo?"

"Ningekuambia, ungezipanda pia," akasema. "Chukua jembe, mtu wa Kiriaini."

Binti yangu alizaliwa, nikapondewa njahi hadi nikazichoka.

Sasa binti huyo naye ni mjamzito, na mvua imezidi utundu. Msimu huu niliingoja ile ya pili kwa adabu, nikapanda, nikaficha kopo moja la mbegu chini ya kitanda. Hata hiyo ya pili ikatudanganya, njahi zikakauka. Ya tatu ilipotulia, nilitoka na kopo langu kwa madaha. Nikamkuta mama mkwe uani, mgongo umepinda, amekumbatia kibuyu.

"Mama! Miaka yote hii, bado huniamini?"

Akalitazama kopo, akacheka hadi akashika ukuta. Nilicheka pia, ingawa kusema kweli iliniuma kidogo. Kisha akanipa kibuyu mkononi.

"Kaa nacho. Mimi kigoda kimenishinda."

Nikafurahi mno. Binti yangu atakula njahi za shamba letu, nikawaza, na papo hapo nikaanza kukimimina kwenye ungo pamoja na kopo. Akanidaka mkono.

"Kopo kwanza," akasema.

Nikapanda za kopo tu. Zimetoa maua tayari. Kibuyu kiko darini, na anayepanda juu ya kigoda sasa ni mimi.